Kisima Chetu Kilipoingia Chumvi

Mwanangu Rehema,

Umekwenda Makurunge kumuaga shangazi yako, na mamako yuko jikoni anakukaangia visheti vya safari, vingi kuliko anavyoweza kula mtu mmoja kutoka hapa hadi Dodoma. Nimeona nikae hapa dirishani nikuandikie kabla hujarudi. Ukiwa mbele yangu maneno hunikimbia, nabaki kukuuliza kama umekula.

Habari za kubeba sweta, kupiga simu ukifika, na kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, mamako keshazisema, na kesho alfajiri atazirudia. Mimi nataka nikusimulie habari ya kisima chetu. Najua ulikuwepo. Lakini kuna mambo yalinipata mimi moyoni ambayo sikukwambia, maana mwanamume wa umri wangu akiona haya hujitia shughuli, na wewe ulinistahi ukaniacha na shughuli zangu.

Kisima alikichimba babu yako, zamani hizo hapa ni kibanda na uwanja mtupu. Maji yake yalikuwa baridi, matamu. Majirani walikuja na ndoo zao na hakuna aliyerudishwa. Baadaye mimi nikapata nguvu kidogo katika biashara ya saruji na nondo, nikainua ghorofa, nikaweka wapangaji, nikapandisha simtanki juu ya paa na kutia pampu kisimani. Maji ya mamlaka yalikuwa ya mgao, leo yapo, kesho hayapo, kwa hiyo nyumba nzima iliegemea kisima. Mtu akifungua koki huko juu, maji yanatoka. Nikajiona nimemaliza kazi. Haikunipitia hata mara moja kujiuliza chini kunabaki nini.

Chumvi ilianza kujitambulisha kwenye chai. Mamako alionja, akakitazama kikombe, akaniuliza kama nimebadilisha makopo ya sukari na chumvi. Kisha sabuni ikagoma kutoa povu. Koki zikaota ukoko mweupe, na mlimau wa uani ukapukutisha majani. Mwalimu Sefu, yule mpangaji wetu wa chini anayeishi peke yake, akanisimamisha mlangoni: "Mzee, maji yako siku hizi tunachemshia mihogo bila kutia chumvi." Alicheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilichukia.

Nikasema ni jua. Nikasema ni hawa majirani wanaochimba visima vipya kila kukicha. Nikakupigia wewe chuoni, nikitaka uniunge mkono.

"Baba," ukaniambia, "mnavuta maji kuliko kisima kinavyojaza. Maji baridi yamelala juu, ya bahari yako chini yake. Ukivuta kwa fujo, ya chini yanapanda. Usichimbe zaidi, tafadhali. Mkiendelea hivyo kisima kitakufa, na kisima kilichoingia bahari hakifufuki upesi."

Nikakujibu, "Sawa, mama." Wiki ile ile nikaita wachimbaji.

Si kwamba sikukusikia. Nilikusikia vizuri. Lakini sauti ile ilitoka kwa mtoto niliyekuwa nikimbeba mabegani kwa sababu anaogopa kuku, na akili yangu haikujua jinsi ya kumpa mtoto huyo nafasi ya kunizuia. Tukachimba. Nikanunua na pampu kubwa. Maji yakaja mengi, yana nguvu, yana chumvi mara mbili. Mamako alinawa uso siku ya kwanza, akanifuata na taulo mkononi. Akanitazama tu.

Ndipo uliporudi likizo na lile sanduku lako la vifaa. Nilidhani ni redio. Ukanieleza kwa subira, kama unavyomweleza mtoto: kifaa hiki kinafungwa kwenye bomba la kila familia humu ndani, kinahesabu maji yanayopita, kinatuma habari kwenye simu, na simu inachora mstari. Watu wakitumia maji mstari unapanda, wakipumzika unashuka. Na kingine kinaning'inizwa kisimani kupima chumvi, ili pampu izime yenyewe chumvi ikianza kupanda.

"Ila tuwaulize wapangaji kwanza," ukasema.

"Niwaulize nini? Nyumba yangu, kisima changu."

"Maji ni yako, Baba. Lakini huu mstari ni maisha yao. Utajua nani kaamka saa ngapi, nani kaoga, nani hayupo."

Nilikuona unatia maneno mengi kwenye jambo dogo. Hata hivyo tulikaa nao barazani, ukawaeleza, wakakubali. Mama Nasra wa ghorofa ya juu aliuliza swali moja tu: "Na sisi wenyewe tutaona?" Ukamwambia kila mtu ataona wa kwake kwenye simu yake. Mimi mwenye nyumba nikajipa haki ya kuona yote, na hapo hukubishana nami. Nilifurahi. Sasa najua ulikuwa umechoka kubishana.

Rehema, sijui kama uliwahi kuniona siku zile nilivyokuwa na ile simu. Nilikuwa naifungua kabla ya kumaliza uradi. Nilijua Mwalimu Sefu anaoga mara ngapi. Nilijua nani anafua siku ipi. Nikajihisi kama nimepewa macho mapya, na mtu akipewa macho mapya jambo la kwanza analotafuta ni makosa ya mwenziwe. Na nikayapata. Mstari wa Mama Nasra ulikuwa mlima. Asubuhi unapanda, mchana unapanda, jioni unapanda tena. Mama na mtoto mmoja wa shule, mume dereva wa malori ya mbali anayeonekana mara moja kwa mwezi. Maji yote yale ya nini?

Nikakutana naye ngazini, Mwalimu Sefu yuko nyuma yangu na mfuko wake wa mboga. Hata salamu nilimkatiza.

"Mama Nasra, hebu niambie, wewe huko ndani unafuga samaki?"

Mwalimu Sefu akacheka. Mama Nasra alikuwa na beseni la nguo kiunoni. Akaliteremsha taratibu kwenye ngazi, kama mtu aliyeishiwa nguvu ghafla. "Tusamehe, baba," akasema. "Tutapunguza." Akalinyanyua tena, akapanda, akafunga mlango.

Mstari ukashuka. Kesho yake ulikuwa chini, na siku zilizofuata ukawa chini zaidi, umelala kama kamba. Nikakuita nikuoneshe. "Umeona? Vifaa vyako vinataka na mdomo wa kuvisaidia. Neno moja tu."

Wewe hukutabasamu. Uliichukua simu ukaitazama kwa muda mrefu, ukawa kama daktari anayesoma cheti.

"Baba, hawa wanatumia maji machache kuliko Mwalimu Sefu anayekaa peke yake."

"Si ndiko kubana matumizi?"

"Hapana. Hakuna mtu anayeishi hivi. Wanakunywa nini, wanaoga nini? Huyu mtu anaogopa koki yake mwenyewe. Ulimwambia nini?"

Nilikwambia. Mamako aliyekuwa akichambua mchele akaacha kuchambua. Akainuka, akamimina uji kwenye chupa, akajitanda kanga, akapanda juu bila kuniaga.

Alikaa huko sana. Aliporudi alifikia jikoni, nami nikamfuata.

"Yule mama mkwe wa Mama Nasra, Bi Kidawa," akasema, "yule aliyeletwa kutoka Ubena. Nilikwambia uende ukamjulie hali. Ukasema utakwenda Ijumaa."

Nilikumbuka. Ijumaa ile ilikuwa imepita na nyingine nyingi nyuma yake.

"Amepooza upande mmoja. Hajiwezi kwa chochote. Mkwe wake ndiye anamgeuza, anamwosha, anafua mashuka kila yanapochafuka. Hawakutaka watu wajue, bibi mwenyewe aliomba sitara. Tangu ulipomsema ngazini, mashuka anayafunga kwenye mfuko na kuyapeleka kwa dada yake akayafulie huko. Bibi anafutwa kwa kitambaa tu. Mgongo umeanza kuchubuka. Na masanduku yao yamesimama mlangoni, mumewe akirudi wanahama."

Nilitoka nje nikasimama karibu na ule mlimau, nikijifanya natazama matawi. Nilikuwa nimelisoma jambo lote kwenye ule mstari. Kupanda asubuhi, mchana na jioni. Mstari ulikuwa unaniambia kwamba kuna mgonjwa ndani ya nyumba yangu na kuna mtu anamhudumia bila kuchoka. Mimi nikasoma wizi. Na mstari uliposhuka, ukiniambia mgonjwa anateseka, nikasoma ushindi na kukuita uone.

Uliponikuta pale hukunilaumu. Ulisema tu, "Twende, Baba. Nitakusindikiza." Sijakushukuru kwa neno hilo. Peke yangu ningeahirisha mpaka Ijumaa.

Ulibaki mlangoni, kwa hiyo sidhani kama ulisikia yote. Chumba kilikuwa safi, na kina harufu ile ambayo usafi wote haukuweza kuifukuza. Bi Kidawa alikuwa amelazwa kwa ubavu, amefunikwa hadi kifuani, kilemba chake kimefungwa vizuri. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema, kwa shida, mdomo ukienda upande mmoja. Akanitazama. "Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Nami ndiye yule samaki."

Rehema, alikuwa amesikia. Mlango ulikuwa wazi siku ile ngazini. Nilitamani sakafu ipasuke. Kisha nikaona bega lake zima linatikisika, nikadhani analia, kumbe bibi anacheka. Anacheka na nusu ya uso wake, machozi yanamtoka kwenye jicho moja. Mama Nasra, aliyekuwa ameinamisha kichwa kona, akaanza kucheka pia huku akijifuta kwa ncha ya kanga, na mwisho nikacheka mimi, kwa namna ambayo sijawahi kucheka, nusu yake ni kilio.

Nikamwomba radhi. Nikamwomba na Mama Nasra, tena kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, ambalo sikulijua mpaka siku ile bibi alipomwita, Subira. Akanijibu, "Yameisha, baba. Lakini mimi naogopa ile simu yako." Akaishia hapo.

Tulipotoka nikakukabidhi simu kabla hujaniomba. Ukaigeuza ile mitambo. Tangu siku hiyo naona mstari wa nyumba nzima tu, na chumvi ya kisima. Kila familia inaona wa kwake. Kukiwa na bomba linalovuja, kifaa kinaiambia familia inayohusika kwanza, nayo ikitaka inaniita. Niliona kama nimenyang'anywa macho. Nikakaa nikinung'unika mpaka ujumbe wa kwanza wa kuvuja ulipoingia, na ulikuja kwangu. Kwangu mimi, kwa ajili ya choo chetu. Boya la tangi la kuflashia lilikuwa limekwama, maji yanateremka pole pole usiku na mchana bila sauti, sijui tangu lini. Muda wote ule napeleleza milango ya wenzangu, mstari wangu mwenyewe haukuwa unalala hata kidogo, na sikuwahi kuutazama. Nani hujitazama? Mamako alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Alikupigia kelele huko chumbani uje uone mfugaji mwenyewe wa samaki.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi, kwa sababu watu walikuwa wanazungumza. Tuliitoa ile pampu kubwa tukarudisha ndogo, ikawa inavuta kidogo, inapumzika, inavuta tena. Mwalimu Sefu akatengeneza mfereji wa kukinga mvua ya paa, kazi ambayo sikujua anaiweza. Maji ya kusuuzia nguo yakaenda vyooni. Wapangaji wenyewe walikubaliana, mimi sikuwepo hata kwenye mazungumzo hayo, kwamba nyumba yenye mgonjwa isihesabiwe, itumie maji kadiri inavyohitaji, na wengine wapunguze kwa niaba yake. Nilipoambiwa nilikwenda kutia udhu ili nisionekane macho yangu.

Mama Nasra hakuhama. Mgongo wa Bi Kidawa ukapona. Masika yaliponyesha, ile namba ya chumvi ilianza kushuka, wewe, umeshamaliza chuo, ukawa unaniita kila asubuhi kama mtu anayefuatilia mechi. Kisima hakijawa kama cha siku za babu yako, na huenda mimi sitakiona kikiwa hivyo. Lakini leo asubuhi nimekunywa chai yake na sikukunja uso, alhamdulillahi.

Sasa unakwenda kutazama maji ya majengo makubwa, hospitali, mabweni, ofisi za ghorofa nyingi, huko kwenye mji mkavu ambako tone lina heshima kuliko hapa kwetu. Sina la kukufundisha kuhusu kazi yenyewe. Vifaa vyako vinajua, nawe unajua zaidi. Ila utakaa kwenye kiti, mbele yako mistari mingi, na hakuna hata mmoja utakaokuwa na sura. Siku moja bosi wako atafurahi kwa sababu mstari fulani umeshuka, kama nilivyofurahi mimi. Ukihisi kile kitu ulichokihisi siku ile ulipoitazama simu yangu, usikipuuze kwa kuwa wewe ni mgeni au mdogo. Nyanyua simu uulize. Ikibidi panda ngazi. Utapanda bure mara nyingi, utakuta mtu amesafiri tu, na watakucheka. Panda hata hivyo.

Na yule atakayekosea mbele yako, mpe njia ya kurudi. Ungeweza kuniambia siku ile, "Nilikwambia, Baba," kuhusu kuchimba, kuhusu kuwauliza wapangaji, kuhusu kila kitu. Hukusema hata moja. Ulisema, "Twende." Sijui ulijifunza wapi. Kwangu hukujifunza, basi itakuwa kwa mamako.

Kuna jambo lingine dogo. Siku chache kabla barua yako ya kazi haijafika, nilimwambia mamako kwamba ningefurahi kama wangekunyima kazi hiyo, ubaki hapa utusimamie nyumba. Alinijibu kwamba mtoto si simtanki, hapandishwi akakaa juu ya paa. Nimelifikiria neno hilo kila siku. Nimeridhika nalo sasa. Si kwa kujilazimisha. Nilipokuona jana unafunga sanduku lako la vifaa, umejaa furaha, nilijikuta nami nina furaha, na sikuitarajia.

Bi Kidawa amesema upite kwake kabla ya kulala, nami nitakwambia ukiingia tu, maana barua hii utaisoma ukiwa mbali. Siku hizi anakaa mwenyewe kwenye kiti, anatazama barabara, anajua kila anayeingia na kutoka kuliko mitambo yako. Anataka kukusomea dua. Natumai hutamharakisha, maneno yake yanachukua muda.

Kuanzia kesho mstari wa nyumba yetu utashuka. Hakuna tena mtu wa kuoga kwa saa nzima huku anaimba. Nitauona, mamako atauona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sitahitaji kuuliza sababu. Tutauacha ushuke.

Nasikia sauti yako chini, unamwamkia Mwalimu Sefu. Ngoja nikunje karatasi hii niitie kwenye begi lako, chini ya visheti, ili uipate ukiwa umeshafika mbali na mimi nisione uso wako ukiisoma.

Radhi zangu zote unazo, mama. Nenda kwa amani ya Mwenyezi Mungu.

Babako